Mgeni Anayekuja na Swali

Hotuba hii ilitolewa Mang'ula mbele ya waongozaji wa watalii, wenye nyumba za kulala wageni, walimu na wazee wa vijiji vinavyopakana na Milima ya Udzungwa. Imewekwa hapa kamili, bila picha zilizoonyeshwa ukutani, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Waongozaji wenzangu, walimu, akina mama mnaowapikia na kuwalaza wageni wetu, nanyi vijana mlioanza kazi msimu huu, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie utalii wa asili unaofuata sayansi, na hasa sababu zinazomfanya mtu atoke mbali kwa ajili yake. Naomba mnivumilie nikianza na kisa, kwa sababu kisa hiki ndicho kilichonifanya niache kuifanya kazi yetu kwa mazoea.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikiongoza wageni Amani, kule Usambara Mashariki. Akaja bibi mmoja kutoka Ujerumani, mtu mzima wa zaidi ya miaka 70, anayetembea kwa mkongojo. Nilikuwa nimemwandalia ratiba ile ile niliyokuwa nikimwandalia kila mgeni: maporomoko ya maji, vinyonga, mashamba ya chai, na ndege wawili watatu kama bahati ingekuwepo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akatoa mkobani picha ya dirisha la jikoni kwake. Dirishani palikuwa na chungu kidogo cha maua ya rangi ya urujuani. Akaniambia kwamba mama yake aliyapanda maua hayo, kwamba yeye mwenyewe amekaa nayo maisha yake yote, na kwamba amekuja kuyaona mahali yanapoishi yenyewe, bila chungu na bila mtu wa kuyamwagilia. Hakutaka kitu kingine.

Wengi wenu mnayajua maua hayo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliyakuta katika nchi yetu akayapeleka Ujerumani kwa baba yake, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayapa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Leo maua hayo yanauzwa kwenye vyungu duniani kote, na mamilioni ya watu wanaoyamwagilia kila juma hawajui kwamba kwao asili ni misitu ya Tanzania na kipande kidogo cha Kenya.

Nilimpeleka bibi yule kwenye mwamba ulio kivulini kando ya kijito. Akapiga magoti kwa tabu, akayatazama kwa muda ambao wakati ule niliuona mrefu kupita kiasi. Hakuchuma hata jani. Kisha akaniuliza: "Kwa nini yapo kwenye mwamba huu, na kwenye ule pale hayapo?" Mwamba wa pili ulikuwa hatua sita tu kutoka tulipokuwa. Nikamjibu upesi, kama nilivyozoea kuwajibu wageni: ni kwa sababu ya maji, mama, maua haya yanapenda unyevu. Bibi yule akainuka, akajikongoja hadi kwenye mwamba wa pili, akaubandika kiganja. Kiganja kikatoka kimelowa. Hakuniambia neno lolote. Alinitazama tu, akarudi kwenye maua yake.

Ndugu zangu, bibi yule alifuata nini? Alifuata maua? Maua anayo nyumbani kwake, tena mazuri zaidi na makubwa kuliko yale madogo ya mwambani. Alifuata mandhari? Mandhari aliyapa mgongo. Alifuata mapumziko? Mtu wa umri wake hapumziki kwa kupanda kilima chenye utelezi. Alikuja na swali. Alikuwa ameishi nalo miaka mingi, likamtoa kwake, likampandisha ndege, likamleta mpaka kwenye jiwe lile. Nami niliyelipwa ili nimpokee, nililipokea swali lake kwa jibu la kubahatisha.

Tangu miaka ya 1970 wachunguzi wa mambo ya utalii wamezoea kuzigawa sababu za safari katika mafungu mawili: kuna kinachomsukuma mtu atoke kwake, na kuna kinachomvuta aje kwetu. Sisi tumejifunza kukitazama kile kinachovuta peke yake. Tunachapisha picha za tembo, za theluji ya Kilimanjaro, za fukwe, na hizo ni kweli na zina kazi yake. Lakini kile kinachomsukuma hatukijui, kwa sababu hatumwulizi. Mtu aliyechoshwa na kazi husukumwa na uchovu. Mzazi aliyekuja na mtoto wa miaka kumi anayejua majina ya wadudu wote husukumwa na mtoto huyo, na ukimfurahisha mtoto umemfurahisha mzazi. Mtazamaji wa ndege mwenye orodha ndefu husukumwa na jina moja ambalo halijatiwa alama, na kwa ajili ya jina hilo atalala kwenye hema mvua ikinyesha siku tatu. Na yupo huyu ninayemzungumzia leo, ambaye husukumwa na hamu ya kujua jambo lilivyo, na zaidi ya hapo, hamu ya kufika mahali jambo hilo lilipojulikana kwa mara ya kwanza.

Hebu tuende Laetoli. Kule, kusini mwa Bonde la Oldupai katika eneo la Ngorongoro, zipo nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.66 iliyopita. Mvua ililowesha majivu yale, viumbe wale wakapita, majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, na majivu mengine yakaanguka juu yake yakafunika kila kitu. Ni mojawapo ya vitu vya thamani kubwa kabisa ambavyo nchi yoyote imewahi kukabidhiwa. Sasa niwaulize: mgeni akifika Laetoli anaziona nyayo hizo? Hazioni. Zimefunikwa. Baada ya kuchimbuliwa zilifukiwa kwa mchanga ili zihifadhiwe, lakini ndani ya mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 serikali yetu na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani waliifukua njia ile, wakaitoa mizizi kwa uangalifu, wakazifunika nyayo upya kwa tabaka zilizopangwa kitaalamu. Anachoonyeshwa mgeni ni nakala iliyofinyangwa.

Na bado wageni wanakuja. Mtu anatoka Japani au Kanada, anafika mahali ambapo kitu alichokifuata kimelala chini ya udongo, na wengi wao wanaondoka wameridhika. Kwa nini? Nimewasikiliza wageni wa namna hii kwa miaka mingi, na naamini jibu ni hili: kilichowaleta ni kuelewa, na macho kwao ni njia mojawapo tu ya kufika huko. Waambie kwamba mwaka 1976 watafiti waliokuwa wamemtembelea Mary Leakey, mchimbaji wa mabaki ya kale aliyeongoza kazi ya pale, walikuwa wakitupiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo, kwamba mmoja wao, Andrew Hill, alijikuta chini katika kuyakwepa, na akiwa pale chini akaona kwenye mwamba alama za matone ya mvua ya kale pamoja na nyayo za wanyama. Waambie kwamba ilichukua miaka miwili zaidi, hadi 1978, ndipo zikaonekana zile za viumbe wa miguu miwili, na kwamba njia yao ilifuatwa kwa takriban mita 27. Utaona uso wa mgeni unabadilika. Hapo amepata alichokuja kukitafuta, kwa sababu amesimama mahali ambapo kutojua kuligeuka kuwa kujua.

Lakini mgeni huyu hatakuachia hapo. Atakuuliza: mmejuaje kwamba ni miaka milioni tatu na ushee? Swali hili linawatisha waongozaji wengi, nami nataka lisiwatishe tena. Ndani ya majivu ya volkano mna madini yenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni, kwa mwendo usiobadilika. Fikirieni mtungi wenye ufa unaodondosha maji kwenye bakuli. Ukijua matone mangapi hudondoka kwa saa moja, na ukayapima maji yaliyomo bakulini, utajua ufa ulianza lini hata kama hukuwepo. Agoni iliyonaswa ndani ya madini ndiyo maji ya bakulini. Kwa njia hiyo fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, ambalo Mary Leakey aliliona Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lilipewa umri wa miaka takriban milioni 1.75, wakati makadirio ya awali hayakufika hata miaka milioni moja. Ulimwengu mzima ulilazimika kuihesabu upya historia ya binadamu kwa sababu ya majivu ya nchi yetu. Mwongozaji anayeweza kueleza mtungi na bakuli kwa dakika mbili amempa mgeni zawadi ambayo hawezi kuisahau, na hakuhitaji shahada kuitoa.

Sasa turudi hapa nyumbani, kwenye milima hii tunayoiona dirishani. Wazee wetu mliopo mtanisahihisha nikikosea.

Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa katika msitu wa Mwanihana. Walisikia mlio wa nyani wasiyemtarajia, mlio ambao kwa jinsi sayansi ya wakati ule ilivyojua haukupaswa kusikika mahali popote katika milima hii. Walipomwuliza mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza, aliwajibu bila wasiwasi: huyo ni ngolaga. Alimjua. Baba yake alimjua, na wanakijiji walimjua. Mnyama ambaye vitabu vya dunia vilikuwa havina habari naye alikuwa na jina, tabia zake zilijulikana, na vyakula anavyovipenda vilijulikana, hapa hapa Sanje. Leo mnyama huyo anatambulishwa duniani kote kwa jina la kijiji hicho cha Sanje.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1991, watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika milima hii hii ya Udzungwa, upande wa Ndundulu. Waliona ndani ya sufuria ya mboga miguu ya ndege ambaye hawakumtambua. Ndege huyo alikuwa kwale wa msituni ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika, na walipomchunguza walikuta kwamba jamaa zake wa karibu hawako Afrika, wako katika misitu ya Asia. Tafakarini jambo hilo. Ndege anayeishi juu ya milima yetu, akiwa na ukoo wake upande wa pili wa Bahari ya Hindi, ni ushahidi kwamba misitu hii ni mizee kiasi cha kutunza kumbukumbu ya nyakati ambazo ardhi na misitu ilikuwa imepangika kwa namna nyingine kabisa. Na kumbukumbu hiyo ilionekana kwanza kwenye sufuria.

Halafu akaja kipunji. Katika milima ya Rungwe wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kima mwenye haya anayekaa juu sana kwenye miti, na watafiti walioanza kuwasikiliza walimwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata, kikosi kingine kikamwona huku kwetu Ndundulu. Dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani ukoo wake mwenyewe katika mpangilio wa kisayansi, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83. Kisayansi anaitwa Rungwecebus kipunji. Jina la wawindaji limeingia katika jina lake, nami kila ninapolitamka mbele ya mgeni naona fahari.

Kwa nini nawasimulia haya ambayo wengi wenu mnayajua? Kwa sababu nimewasikia baadhi yetu tukimwambia mgeni: ngolaga "aligunduliwa" na watafiti wa nje mwaka 1979, basi, tuendelee na safari. Tukisema hivyo tunasema jambo lisilo kamili, na mgeni makini analihisi pengo. Watafiti walifanya kazi kubwa: walipima, walilinganisha, waliandika, na bila kuandika kwao mnyama asingelindwa kisheria wala hifadhi hii ya taifa isingeanzishwa mwaka 1992 ikiwa na sababu nzito kiasi hicho. Lakini kazi yao ilianza kwa mtu wa hapa aliyesema, "Huyo ni ngolaga." Mgeni anayefuata sayansi anataka kusikia mkono wa kila mmoja. Anataka kujua nani alisikia, nani alijua, nani alipima.

Tukishindwa kusema hivyo, tutarudia dhuluma ya Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima hicho, katika mkoa wa Lindi, na mamia ya wenyeji walifanya kazi ya kuchimba, kuifunga na kuibeba kwa miguu hadi bandarini. Mfupa mkubwa kuliko mtu ulibebwa na watu. Leo mgeni akitaka kumwona mjusi yule mkubwa aliyesimama kwa zaidi ya mita 13 atakwenda Berlin, na mtoto wa Lindi hana nauli ya Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani, fundi ambaye jicho lake la kutambua na kutoa mifupa lilisifiwa na wanasayansi wenyewe. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka mia moja! Je, nasi tusubiri miaka mia moja kuwataja wazee wetu, wakati tunao hapa mbele yetu wamekaa?

Nimesema mgeni huyu anataka kuelewa. Yupo ambaye hiyo pekee haimtoshi. Anataka kuwa na mkono wake katika kujua. Tangu mwaka 1971 shirika la Earthwatch la Marekani limekuwa likiwapeleka watu wa kawaida, walimu, wauguzi, wastaafu, wakawasaidie watafiti kuhesabu kasa, kupima miti, kuchimba magofu, na watu hao hulipa gharama zao wenyewe. Nani kati yetu angelipa fedha ili akapalilie shamba la mtu mwingine? Nao wanalipa, kwa sababu wanapata kitu ambacho kulala hotelini hakuwapi: wanajua kwamba kipo kitu kidogo duniani kinachojulikana leo kwa kuwa wao walikuwepo.

Mfano mzuri kuliko wote niujuao uko kisiwani Mafia. Kuanzia mwezi wa Oktoba hivi hadi Machi, papa potwe huja karibu na Kilindoni, na wageni huogelea kando yao. Mwili wa potwe umejaa madoadoa meupe, na madoadoa ya potwe mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole vyetu. Mtu akipiga picha ya ubavu wa potwe nyuma ya matamvua, picha hiyo inaweza kumtambulisha. Lakini nani atalinganisha maelfu ya picha kwa macho? Hapa ndipo palipotokea jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Wanasayansi wa nyota walikuwa na kanuni ya kompyuta ya kutambua makundi ya nyota kwa kupima pembetatu zinazoundwa na nyota tatu tatu. Mtaalamu wa kompyuta, mwanafizikia wa anga na mwanabiolojia waliichukua kanuni hiyo wakaigeuza isome madoa ya potwe badala ya nyota. Tangu hapo mgeni aliyekuja kuogelea anaweza kutuma picha yake, na baadaye akapata habari kwamba potwe wake alionekana pia mwaka fulani, mahali fulani, akiwa na urefu kadhaa. Wavuvi wa Mafia walikuwa wameshaziona nyota mgongoni mwa potwe kabla ya kompyuta yoyote. Watafiti walipozipata njia za kuzihesabu, walihesabu.

Tena kuna jambo jingine kule Mafia. Wengi waliamini kwamba potwe huondoka msimu unapokwisha. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa sauti, wakaweka chini ya maji vifaa vya kuzipokea, na ikaonekana kwamba wengi hawakuondoka. Walishuka tu na kusogea mbali na macho yetu. Mwongozaji wa Mafia anayemwambia mgeni hivyo mwezi wa Mei, wakati potwe hawaonekani, amempa sababu ya kuitazama bahari tupu kwa mshangao. Hapa kwetu tunao msimu wa mvua ambao nyumba zetu za wageni hulala tupu. Tumewahi kujiuliza ni nini kinachotokea msituni wakati huo ambacho mtu mwenye swali angependa kukiona? Vyura wa milima hii, ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani, hawaimbi kiangazi.

Wapenzi wasikilizaji, hamu ya kujua ni njema, lakini nayo ina hatari zake, na sitawaficha. Kule Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika tarehe 14 Julai 1960 akiwa hana shahada ya chuo kikuu, na miezi michache baadaye akamwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti alichokichagua mwenyewe, mgeni anatakiwa kukaa angalau mita 10 kutoka kwa sokwe, na anayekohoa haruhusiwi kwenda. Kwa nini? Kwa sababu ukaribu ule ule wa damu ambao mgeni amesafiri kuja kuushuhudia ndio unaofanya mafua yetu yaweze kumwua sokwe. Goodall aliaga dunia Oktoba 2025, na sokwe wa Gombe bado wanachunguzwa kila siku. Ni katika tafiti za wanyama wa porini zilizodumu muda mrefu kuliko zote. Hazikudumu kwa kumkaribia mnyama kila mtu anapotaka. Mgeni wa kweli wa sayansi ukimweleza sababu hiyo atarudi nyuma hatua kumi bila kunung'unika, kwa sababu umemjibu swali. Anayenung'unika ni yule uliyempa amri bila sababu.

Vivyo hivyo kuhusu kuokota. Jiwe la Oldupai, ganda la konokono wa Udzungwa, ua la mwambani: mgeni hatoki navyo. Kukusanya sampuli ni kazi yenye kibali cha utafiti, na utalii hauwi utafiti kwa sababu tu mgeni ana darubini shingoni na daftari mkononi. Semeni hivyo kwa adabu, lakini semeni.

Sasa nirudi kwa bibi wa Amani, maana sijamaliza naye. Baada ya yeye kuondoka nilimtafuta mtaalamu wa mimea nikamwuliza swali lake. Nilitarajia jibu la neno moja. Mtaalamu yule akafikiri, akaniambia kwamba mbegu za maua yale ni ndogo kama vumbi, kwamba huenda zinahitaji kuvu au ufa wa namna fulani ili zishike, kwamba mwanga unaofika kwenye mwamba mmoja unaweza kutofautiana na wa mwingine hata kama iko hatua sita, kwamba huenda ni bahati tu ya mbegu kuanguka huku isianguke kule. Kisha akasema, "Hilo ni swali zuri, halina jibu rahisi." Aliyekaa chuoni miaka mingi alisema hivyo bila aibu. Mimi niliyekaa msituni miaka miwili ndiye niliyekuwa na jibu tayari.

Vijana, nawaomba jambo hili kwa moyo wangu wote. Mgeni akiuliza usilolijua, mwambie hujui. Na kama ni jambo ambalo hata wanasayansi hawajalikamilisha, mwambie hivyo kwa furaha, kwa sababu umempeleka mahali alipotamani kufika, ukingoni mwa yanayojulikana. Mwulize yeye anaonaje. Mwonyeshe mwamba wa pili. Mwache aguse. Ningemwambia bibi yule, "Mama, sijui, twende tukaangalie pamoja," siku yake ingekuwa nyingine, na yangu pia.

Limebaki moja ambalo lazima niliseme. Tunapozungumza juu ya mgeni mwenye swali tunamfikiria mtu wa ng'ambo. Mwaka jana nilikwenda Ndolezi, Mbozi, kukiona kimondo, lile pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi lililoanguka kutoka angani. Nilikuta basi la wanafunzi wa shule ya msingi. Walimu waliwapanga mstari, wakapiga picha, wakaambiwa kina uzito wa tani kadhaa, wakaambiwa twendeni. Msichana mmoja alibaki nyuma. Alikuwa amegonga kimondo kwa kidole kilichokunjwa, ameweka sikio, anasikiliza. Nikamwuliza anasikiliza nini. Akaniambia, "Babu, nataka kujua kama ndani ni chuma chote au kuna mawe." Mwalimu akamwita, akakimbilia basi. Wanasayansi wanaokata vipande vya vimondo maabarani wanauliza swali lile lile.

Mtoto yule hakulipa dola. Hakupanda ndege. Lakini niambieni, kilichomsukuma kina tofauti gani na kilichomsukuma bibi wa Amani? Na sisi wa Mang'ula, tulio na msitu huu nyuma ya nyumba zetu, watoto wetu wangapi wameingia ndani yake wakiwa na mtu wa kuwajibu?

Ndiyo maana nimemwomba mwenyekiti, naye amekubali, kwamba tusifunge mkutano huu kwa chakula tu. Saa nane mchana watakuja hapa wanafunzi 40 wa darasa la sita pamoja na walimu wao. Tutapanda nao njia ya maporomoko ya Sanje, katika makundi manne, kila kundi na mwongozaji mmoja kijana na mzee mmoja. Mwongozaji atasimama mahali atakapopenda, aeleze jambo moja, na aeleze limejulikanaje. Mzee ataongeza anachokijua. Wanafunzi watauliza, na maswali yatakayokosa majibu tutayaandika kwenye daftari hili nililoshika, tuyapeleke kwa watafiti walioko kambini juu wiki ijayo. Viatu vyenye kushika, tafadhali, kwa sababu usiku mvua ilinyesha na njia inateleza.